Ziba masikio kwanza, muziki utafuata: mwizi wa usikivu wa mwendesha pikipiki ni upepo

Kuna siku nilishuka kwenye pikipiki baada ya kukimbia kama masaa matatu hivi barabara kuu, nikavua helmeti, jamaa aliyekuwa ananisubiri akaniambia kesho tuonane saa tisa. Mi nikasikia saa sita. Kesho yake nikatokea saa sita kamili, nikakaa kwenye benchi weee, nikapiga simu nimeshavimba, jamaa ananiambia kaka mimi nilikwambia tisa, tena nilirudia mara mbili. Sita na tisa, herufi ni zile zile zimepinduliwa tu, nikasema labda yeye ndo anamumunya maneno. Baadae nikaanza kujihesabia: hii si mara ya kwanza, kila nikitoka safari ndefu watu wanakuwa kama wanaongea wakiwa chumba cha pili, na usiku nikilala kuna kamlio kembamba kichwani ssssss kama redio iliyopoteza stesheni.

Na siku hiyo wala sikuwa nimesikiliza muziki. Hapo ndo pa kukamata, maana mjadala wa masikio na pikipiki siku zote unaanzia pasipo. Watu wanabishana kama muziki kwenye helmeti ni salama au sio salama, spika au iafoni (vile visikilizio vya kuchomeka sikioni), sikio moja au yote mawili, wakati kitu kinachokula sikio kiko humo humo ndani ya helmeti kabla hujabonyeza chochote, ni upepo. Injini sio, ekzozi sio (haya, kwa wale wenye ekzozi zilizotobolewa makusudi labda na nyie mna la kujibu). Ukishavuka mwendo wa mjini kelele ya upepo inaimeza kelele ya pikipiki yenyewe na hapo helmeti haikusaidii, helmeti kazi yake kulinda fuvu, na hewa ikiikwaruza pembeni na kuingilia chini ya kidevu inageuka ngoma na wewe kichwa chako kiko ndani ya ngoma.

Tuweke namba kidogo. Vipimo vilivyofanywa ndani ya helmeti, maiki ya kupimia ikiwa jirani na sikio, vinaonyesha kama desibeli 90 ukiwa kilomita 60 kwa saa na zinapanda mpaka kama 110 ukifika 160. Inategemea helmeti, urefu wako, kioo cha mbele, lakini ndo maeneo hayo. Sasa desibeli sio kama kilo za sukari, ukiongeza 3 tu nguvu ya sauti imekuwa mara mbili, ukiongeza 10 imekuwa mara kumi, kwa hiyo kutoka 90 kwenda 110 ni mara mia. Taasisi ya Marekani inayoshughulika na afya ya wafanyakazi, NIOSH, kikomo chake ni desibeli 85 kwa masaa 8, na kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu: 88 masaa manne, 91 masaa mawili, 94 saa moja, 97 nusu saa, na 100 dakika 15. Desibeli 100 ni mahali unapokuwepo ukicheza na kilomita 100 kwa saa. Yaani bajeti yako ya kelele ya siku nzima umeimaliza kabla hata hujapita kituo cha kwanza cha mafuta, na bado una masaa mawili mbele na safari ya kurudi.

Kiwandani penye kelele hiyo usingeruhusiwa kuingia bila vikinga masikio, msimamizi angekurudisha getini. Ila juu ya pikipiki mtu anavaa glovu, anavaa buti, jaketi lenye vikinga viwiko, halafu sikio anaachia wazi, na ukimuuliza anakwambia sikio liko ndani ya helmeti limejikinga.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Sawa, lakini macho angalau yana kope, ukichoka unafumba. Sikio halina hata hiyo kope, linapokea usiku na mchana, na ndani kule kwenye konokono ya sikio (kile kijimfereji kilichojiviringa kama konokono) kuna seli zenye vinyweleo vya kupokea sauti, kama elfu 15 hivi kila upande, basi, ndo akiba yote uliyozaliwa nayo. Kelele ikizizidi zinainama kama nyasi zilizopitiwa na gari, ndo ile hali ya kushuka ukasikia dunia imewekewa pamba, kesho yake unaamka unaona zimesimama unasema nimepona. Zikipitiwa kila siku kuna zisizosimama tena, na zikifa hazioti. Cha kuudhi ni kwamba kuku anaotesha zake upya. Kweli kabisa, ndege seli hizo zikifa zinaota nyingine, ila binadamu na wanyama wenzake wanaonyonyesha hamna, kuku katushinda hapo.

Na haziondoki zote kwa pamoja ukashtuka. Zinazotangulia ni za sauti nyembamba, maeneo ya hezi elfu 4, na hapo ndo zinakaa konsonanti zetu za s, sh, f, t, k, ch, wakati irabu ziko chini kwenye sauti nene zinabaki salama. Kwa sisi tunaongea Kiswahili huu ni mtego wa aina yake kwa sababu karibu kila silabi inaishia na irabu, kwa hiyo unaendelea kusikia muziki wa sentensi wote, a-i-o-a, unajiona unasikia vizuri tu, kumbe mifupa ya maneno imeng'olewa. Mwenzako anasema nimechoka wewe unasikia nimetoka. Amefika, ameshika. Sita, tisa. Hujioni kama kiziwi, unaona watu wa siku hizi hawatamki vizuri. Mimi nilikaa kwenye hiyo "watu hawatamki" muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Haya, sasa ndo tulete muziki. Chukua spika zile nyembamba za kubandika ndani ya helmeti, zinazosifiwa kila mahali kuwa ni salama kwa vile haziingii sikioni na unaendelea kusikia barabara. Tatizo ni hilo hilo la kuacha sikio wazi. Upepo unaingia wote kama ulivyo, desibeli zake 100, na ili usikie wimbo juu ya upepo lazima wimbo ufike alipo upepo au uupite, hakuna njia nyingine. Ukiulinganisha tu nao, sauti mbili za desibeli 100 zikikutana zinakupa 103, na kwa hesabu ile ya juu muda wako umeshuka kutoka dakika 15 kwenda 7 na nusu, wimbo wa pili haujaisha. Na mtu hatulii kwenye kulinganisha, anataka besi, besi ndo imezamishwa na upepo kwa sababu upepo wenyewe ni sauti nene, kwa hiyo anaongeza, anaongeza, mpaka spika zinakoroma. Kisha anashuka anasema mimi situmii iafoni bwana, mimi niko makini na masikio yangu.

Iafoni ya kuchomeka inayoziba vizuri hesabu yake inaenda kinyume. Inauzuia upepo kwanza, tuseme imeupunguza desibeli 20, sikio sasa linapata 80, na wimbo ukiuweka hapo hapo kwenye 80 na kidogo unausikia kila ala. Shirika la Afya Duniani kwenye viwango vyake vya usikilizaji salama vya mwaka 2019 linampa mtu mzima desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki, na hata wimbo na upepo vikijumlika kufika 83 bado ni masaa 20. Kwa hiyo kile ambacho watu wanakiogopa, kuziba sikio, ndo kinaokoa, na kile wanachokisifia, kuacha sikio wazi, ndo kinatafuna. Lakini sharti ni neno "inayoziba". Zile iafoni ngumu za plastiki zinazoning'inia tu mlangoni mwa sikio hazizuii kitu, hizo ni spika ndogo zimehamia karibu zaidi, ni mbaya mara mbili.

Kuna hizi zenye teknolojia ya kufuta kelele. Zinafanya kazi kweli kwenye sauti nene zinazoenda mfululizo, ngurumo za ndege, basi, feni, ila kwenye upepo wa moja kwa moja zile maiki zake za nje zinapigwa na hewa zinachanganyikiwa na badala ya kufuta zinaongeza mvumo. Ndani ya helmeti iliyobana mambo ni nafuu kidogo. Bado ushauri wangu usizihesabu kama kinga, nyingi hazijapimwa kama kinga, kinachokulinda pale ni ile mipira inayoziba, na chaji ikikatika katikati ya safari unabaki na mipira peke yake. Zile iafoni za mfupa, zinazokaa mbele ya sikio na kupitisha sauti kwenye mfupa wa kichwa, watu wanadhani zinapita njia ya mkato wasiumie. Haziendi kokote kwingine, sauti ipitie mfupa ipitie hewa inaishia kwenye konokono ile ile na vinyweleo vile vile, halafu sikio limebaki wazi kwa upepo. Na jaribu kuzivalia helmeti uone zitakavyokukaba.

Mimi nilikofikia baada ya kujaribu hivi na vile ni kitu ambacho ukikisikia mara ya kwanza unacheka: vizibo vya sponji masikioni, na spika ndani ya helmeti juu yake. Unaziba afu unasikiliza. Inaonekana kama kufunga mlango halafu ukabisha hodi, lakini kizibo kinashusha upepo na wimbo kwa pamoja, uwiano wao unabaki karibu ule ule, wimbo unaposhinda upepo nje ya kizibo unaushinda na ndani, tofauti ni kwamba vyote viwili vimefika sikioni vimechoka. Kinachopotea ni zile sauti za juu, kizibo kinazikata zaidi kuliko nene, kwa hiyo muziki unakuwa kama unatoka chumba cha jirani, unaingia kwenye ikwalaiza unapandisha sauti nyembamba unashusha besi, inakaa sawa. Podikasti na maelekezo ya ramani ndo zinatoka vizuri zaidi. Inabidi spika ziwe na nguvu na zikae haswa mbele ya tundu la sikio, zikipotea kidogo tu umepoteza sauti nyingi. Na tafadhali, usichimbe lile povu gumu la ndani ili spika zipate nafasi, lile ndo linalopondeka badala ya kichwa siku ukianguka, kama helmeti haina vishimo vya spika basi hiyo helmeti sio ya spika.

Kizibo chenyewe kina namna yake, na naona tisa kati ya kumi tunakitia vibaya, mimi nikiwemo. Mzee mmoja mwendesha pikipiki ndo alinifundisha, tulikuwa tumesimama tukisubiri mvua ikatike, akaniona nasukuma kile kisponji kwa kidole gumba kama natia kizibo kwenye chupa. Akasema mwanangu hapo umelipamba tu sikio. Akachukua kimoja akakiviringisha kwa vidole viwili taratibu, bila kukikunja, mpaka kikawa chembamba kama njiti ya kiberiti, mkono wa pili akaupitisha juu ya kichwa changu akalivuta sikio langu juu na nyuma, tundu likanyooka, akakitumbukiza chap akakishikilia na kidole, akawa anahesabu kwa sauti. Alipofika 20 na kitu nikaanza kusikia kinavimba, mvua iliyokuwa inapiga bati kama mawe ikaanza kusogea mbali, ikaenda, ikaenda, mpaka ikabaki kama mchele unachekechwa. Akaniuliza kitu, nikaona midomo, nikadhani sitamsikia, nikamsikia vizuri tu. Nikasema ahsante mzee, miaka yote kumbe nilikuwa nachezea.

Kwenye pakiti kunaandikwa namba kubwa za desibeli zinazopunguzwa, 33, 37, hizo ni za maabara vilikotiwa na watu wenye uzoefu. Ukitia nusu unapata nusu, au pungufu. Lakini hata ukipata 20 za kweli, ile 100 imekuwa 80, dakika 15 zako zimegeuka siku nzima. Kitu kingine, helmeti ikivaliwa kwa pupa inakunja sikio na kukichomoa kizibo nusu bila wewe kujua, ivute kamba zake kwa nje uipanue ndo uiteremshe, na ukishavaa sema neno moja kwa sauti: ukijisikia unanguruma ndani kama uko kwenye pipa, viko sawa, ukijisikia kawaida, vua urudie. Pamba na tishu achana nazo, zinapunguza kidogo mno. Tuna msemo wa mtu kutia pamba masikioni, asiyesikia la mtu, kumbe mwenye pamba masikioni anasikia karibu kila kitu anajifanya tu. (Vizibo vya dukani sio kitu kipya pia. Mfamasia wa Berlin, Max Negwer, alianza kutengeneza vya nta na pamba mwaka 1907, akaviita Ohropax, neno la Kijerumani la sikio likaunganishwa na la Kilatini la amani. Jina zuri kweli.)

Sasa lile swali ambalo lazima mtu alitoe: nikiziba masikio honi nitaisikiaje? Lori? Ambulansi? Ni swali la haki na mimi nililing'ang'ania miaka. Jibu ni kwamba kizibo hakichagui honi, kinapunguza kila kitu, honi na upepo pamoja, na kinachoamua kama utaisikia honi ni imeuzidi upepo kwa kiasi gani, na hicho kiasi hakibadiliki sana. Zaidi ya hapo, sikio likilemewa na desibeli 100 linakuwa kama jicho lililomulikwa na taa kubwa, linapokea mwanga tu halitofautishi kitu, ukilipunguzia mzigo linaanza kuchambua tena. Nilipita kipande kile kile cha barabara siku mbili kwa spidi ile ile, siku ya vizibo nikasikia tairi za gari lililokuwa linaniovateki, ule mchakacho wa raba kwenye lami, nikageuka kwa mshtuko maana sijawahi kuusikia kabla. Siku isiyo na vizibo gari ningelijua likishanipita bega. Na tusidanganyane, kwenye kilomita 100 kwa saa anayekulinda ni kioo cha pembeni na kugeuza shingo, kama unategemea kusikia kilichoko nyuma umeshachelewa.

Hayo ni ya barabara kuu. Mjini kwenye foleni, kilomita 30 au 40 kwa saa, hoja inageuka na mimi nageuka nayo. Hapo upepo hauna makali hayo, hatari ni nyingi na ziko karibu, mlango wa gari unafunguka, mtu anakatiza, baiskeli inatokea ubavuni, sikio linahitajika kazini. Vizibo vya sponji vya nguvu hapo vinakuwa vingi mno, vile vyenye filta vinavyopitisha maongezi vinatosha, au usivae kabisa. Muziki mjini mimi nazima. Na simu za maongezi nazima popote, sio kwa ajili ya sikio tena ila kwa ajili ya kichwa, wimbo ukikuchosha unaupotezea wenyewe unaenda tu, ila mtu kwenye simu anataka jibu, anakuuliza hela umetuma au hujatuma wakati mbele yako kuna lori linakunja bila indiketa, haoni unachokiona na hawezi kunyamaza kwa wakati.

Sheria nazo zina vituko vyake. Ufaransa tangu Julai 2015 dereva yeyote, wa gari, pikipiki hata baiskeli, haruhusiwi kuendesha na iafoni masikioni, ila spika zilizojengwa ndani ya helmeti ruksa. Naelewa walichokuwa wanakitafuta, umakini, na kwa mtu aliye mjini sina ugomvi nao. Kwa mtu wa barabara kuu sheria hiyo imekataza kifaa chenye nafuu kwa sikio ikaruhusu chenye madhara zaidi. California wao wamekataza kuvaa hedfoni masikio yote mawili ila vizibo vya kupunguza kelele wameviachia ilimradi usishindwe kusikia king'ora au honi, hiyo naiona imefikiriwa. Unapoendesha, ijue ya kwenu kabla hujachomeka chochote, kizibo na iafoni sio kila mahali vinahesabiwa kitu kimoja.

Kabla hata ya kununua kitu, kuna jaribio la bure. Ukiwa sehemu iliyonyooka na salama, inuka kidogo kwenye vikanyagio mpaka kichwa kitoke juu ya hewa iliyokoroga, sikiliza, kisha inama uwe chini ya kioo cha mbele, sikiliza. Kama ukiinuka kelele inapungua, ujue kioo chako cha mbele ndo kinakutupia hewa yenye fujo moja kwa moja kwenye helmeti. Watu wanaweka vioo virefu wakidhani wanajikinga, na kikiishia usawa wa macho ndo kinakuwa kibaya kuliko kutokuwa nacho kabisa, bora kifupi kabisa upate hewa iliyotulia, au kirefu kweli kweli. Skafu shingoni inayoziba mwanya wa chini ya kidevu nayo inafanya kazi kuliko bei yake, na helmeti iliyolegea ni filimbi, ibadilishe.

Na abiria. Huyu hakumbukwi kabisa, anakaa nyuma, mara nyingi juu kidogo kuliko wewe, kichwa chake kiko kwenye hewa yote uliyoikoroga, hana kioo cha mbele, na kama ni mkeo au mtoto wako anafika mnashuka unamwongelesha hajibu unadhani kanuna. Mimi sasa hivi kwenye mfuko wa jaketi natembea na pakiti mbili za sponji, yangu na ya nyuma, na simu ambayo zamani ilikuwa inakaa kwenye alama ya mwisho ya sauti sasa hivi, siku nikivaa iafoni zinazoziba badala ya vizibo na spika, iko katikati hapo, wakati mwingine chini ya katikati. Ule mlio wa usiku haujaondoka, haya mambo hayarudi nyuma. Haujaongezeka lakini, nimeuzoea, na jamaa yangu siku hizi akinipa miadi ananiandikia meseji.